Nyuzi za Gitaa Kavu Songea: Mwili wa Gitaa Kwanza, Chapa Baadaye

Anayetafuta nyuzi za gitaa kavu mjini Songea huanza na chapa. Huuliza za kampuni gani ndizo nzuri, za Marekani au za China, na muuzaji humjibu kwa kile alichonacho dukani. Chapa ina nafasi yake, na nitaifikia. Lakini kabla yake kuna mambo matatu ambayo mtu akiyakosea hakuna chapa itakayomwokoa: gitaa lenyewe limejengwa kubeba mzigo gani, linaishi katika hewa gani, na linafanya kazi gani. Kwa magitaa ninayoyaona makanisani, mashuleni na katika vyumba vya vijana wa Lizaboni, Bombambili na Mfaranyaki, msimamo wangu ni huu: mengi yanafungwa nyuzi nzito kuliko yanavyohitaji. Mengine yanafungwa nyuzi ambazo hayakuumbwa kuzibeba kabisa, na hayo ndiyo yanayokufa mapema.

Tuanze na hayo yanayokufa. Gitaa kavu ni jamii mbili zinazofanana kwa sura. Moja ni la klasiki, linalofungwa nyuzi za nailoni; jingine ni la nyuzi za chuma. Hadi Vita Vikuu vya Pili, la klasiki lilifungwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Vita vilipofanya utumbo uadimike, Albert Augustine, fundi wa magitaa mjini New York, alianza kutengeneza nyuzi kwa nailoni ya kampuni ya DuPont, na katika miaka ya 1940 Mhispania Andrés Segovia, mpigaji mkubwa wa zama zake, akazikubali na kuzieneza. Upande wa pili, kampuni ya Martin ya Marekani, iliyoanza mwaka 1833 katika enzi ya utumbo, ilihamia kwenye chuma katika miaka ya 1920, na ikabidi iimarishe mbavu za mbao zilizo ndani ya tumbo la gitaa ili zihimili mvuto mpya. Kwa hiyo tofauti ya jamii hizi mbili haiko kwenye nyuzi tu, iko kwenye mifupa.

Seti ya kawaida ya nailoni, ikiwa imetyuniwa sawasawa, huvuta daraja kwa nguvu ya takriban kilo 40. Seti ya chuma inayoanzia namba 12 huvuta kwa zaidi ya kilo 70, na inayoanzia 13 hupita 80. Gitaa la klasiki lina ubao mwembamba wa mbele na mbavu nyepesi, na mara nyingi halina ile fimbo ya chuma inayopita ndani ya shingo kuizuia isipinde. Ukilifunga chuma umelibebesha karibu mara mbili ya mzigo wake. Halivunjiki siku hiyo, na ndiyo maana watu hudhani limekubali. Baada ya miezi ubao unavimba nyuma ya daraja, shingo inapinda kwenda mbele, nyuzi zinainuka mbali na freti, na kijana anayejifunza anaona vidole vinamuuma kuliko mwanzo bila kujua kwa nini. Mwishowe daraja linabanduka na kipande cha ubao.

Kulitambua si kazi ngumu. La klasiki lina shingo pana, na kichwa chake kina matundu mawili marefu ambamo nyuzi huzungushwa. Darajani uzi hupitishwa kwenye kitundu ukafungwa fundo. La chuma lina shingo nyembamba zaidi, na darajani kuna pini sita zinazobana gololi ndogo ya shaba iliyo mwishoni mwa kila uzi. Katika magitaa ya Yamaha yanayoonekana sana nchini, C40 ni la klasiki na F310 ni la chuma. Ukiyaweka bega kwa bega utayaona yote niliyoyataja. Tatizo ni kwamba dukani hutundikwa pamoja, na mnunuzi mgeni husikia kwamba chuma kina sauti kubwa, akaomba afungiwe chuma papo hapo. Gololi ya shaba hujibana vizuri tu kwenye kitundu cha daraja la klasiki, kwa hiyo hakuna kinachomwonya mtu. Anayelikuta gitaa lake katika hali hiyo alilegeze leo hii, aweke rula iliyonyooka juu ya ubao nyuma ya daraja atazame uvimbe ulivyo, kisha anunue nailoni. Kosa la kinyume, la kufunga nailoni kwenye gitaa la chuma, haliui kitu. Sauti tu inakuwa hafifu, kwa sababu ubao ule mzito unahitaji nguvu zaidi ili utikisike.

Sasa unene, ambao kwa gitaa la chuma ndio uamuzi mkubwa kuliko wote. Namba ya uzi ni unene wake kwa elfu za inchi. Uzi wa 10 una milimita 0.25, wa 11 una 0.28, wa 12 una 0.30 na wa 13 una 0.33. Wapigaji huita seti nzima kwa jina la uzi wake wa kwanza: seti ya 10 huishia kwenye 47, ya 11 kwenye 52, ya 12 kwenye 53 na ya 13 kwenye 56. Kwa macho tofauti hizi ni kama hazipo. Kwa mkazo zipo sana. Uzi wa kwanza wa 12 ukifikishwa kwenye E yake hukaza kwa takriban kilo 10 na nusu. Wa 10, kwenye sauti ileile, hukaza kwa kilo 7 na ushei. Unene umepungua kwa sehemu moja tu ya sita, mkazo umepungua kwa karibu asilimia 30, kwa sababu uzito wa waya hukua kwa mraba wa unene wake.

Sauti ya uzi huamuliwa na mambo matatu, yaani urefu wake, uzito wake na mkazo wake, na ukiyaelewa unaweza kujipangia mambo bila kumtegemea muuzaji. F310, kwa mfano, ina urefu wa uzi wa milimita 634, wakati magitaa mengi makubwa ya chuma yana 645 hadi 648. Kwa seti ileile moja F310 hukaza pungufu kwa asilimia 4 hivi, na ndiyo sababu mojawapo vidole huiona laini. Au chukua kwaya inayoshusha magitaa yake ili kuwafuata waimbaji wa sauti ya kwanza wasioweza kupanda. Kushusha nusu sauti hupunguza mkazo kwa asilimia 11, kushusha sauti nzima hupunguza kwa asilimia 21. Maana yake, seti ya 12 iliyoshushwa sauti nzima inakaza karibu sawa na seti ya 10 iliyotyuniwa kawaida. Mpigaji anayeshusha siku zote ana haki ya kufunga 12. Akifunga 10 na kuzishusha, zitalegea na kuanza kugonga freti. Na anayetaka kupanda asikaze funguo. Aweke kapo, ambayo hupandisha sauti kwa kufupisha uzi na haiongezi mzigo wa maana darajani.

Hoja ya wanaopenda nyuzi nzito ni kwamba zina sauti kubwa. Ni kweli, kwa gitaa lenye ubao wa mbele wa mbao nzima, mwembamba, ulio tayari kutikisika. Uzi mzito una nguvu zaidi ya kuusukuma. Lakini magitaa mengi ya bei nafuu yanayofika Songea yana ubao wa plaiwudi, na plaiwudi ni ngumu kuitikisa hata kwa uzi mzito. Unaongeza kilo 10 na zaidi za mvuto kwenye shingo na daraja, unamtesa mpigaji, na sauti inayoongezeka ni kidogo. Kwa gitaa la plaiwudi, au gitaa la zamani ambalo hujui limepitia mikono mingapi, funga 11. Likiwa na dalili za daraja kuinuka, au anayelipiga ni mtoto au mwanafunzi, funga 10. Ziache 12 kwa gitaa zima na mpigaji mwenye mkono mzito wa kucharaza, hasa yule anayesindikiza kwaya kwa kipigio cha plastiki (pick) bila vyombo vya umeme, maana kwa mkono wake 10 zitapiga kelele na kukatika. Seti ya 13 sioni gitaa la kuifunga hapa mjini, isipokuwa mtu ana gitaa zuri kweli na anajua anachokitafuta.

Kuna jambo linalochanganywa na unene na linahitaji kutengwa nalo: urefu wa nyuzi kutoka kwenye freti. Gitaa linaweza kuwa gumu kupigwa kwa sababu nyuzi zimeinuka, si kwa sababu ni nene. Pima kwenye freti ya 12, kati ya kichwa cha freti na tumbo la uzi wa sita. Ikipita milimita 3 kwa mbali, vidole vitateseka hata kwa seti ya 10. Dawa yake ni kwa fundi mwenye msasa na subira, anayepunguza kidogo kidogo upande wa chini wa ule mfupa mweupe uliokaa juu ya daraja. Hiyo ni kazi ya mara moja ambayo hudumu miaka, na humfaa mwanafunzi kuliko seti ya gharama.

Songea ni mbali, na umbali una sehemu yake katika uchambuzi huu. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kupitia Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe, na seti ya nyuzi huja ndani ya bahasha kwa basi baada ya pesa kutumwa kwa simu. Uzi ukikatika Ijumaa jioni na Misa ni Jumapili, mtu hutafuta mbadala. Mbadala wa kale unaojulikana kote kusini, toka vijiji vyetu mpaka Malawi na Zambia, ni waya wa breki ya baiskeli uliofumuliwa nyuzi nyuzi. Magitaa ya kopo na ya galoni yamelelewa na waya huo. Ukitaka kuona mbao na waya vinaweza kufika wapi, wasikilize Madalitso Band wa Lilongwe, watu wawili wenye gitaa na babatoni ya uzi mmoja, ambao wameipeleka sauti hiyo kwenye majukwaa ya Ulaya.

Lakini kwa nini waya wa breki hufaa, na waya wa kufungia nondo hukatika kabla ya kufika kwenye sauti? Hapa kuna hesabu ambayo naiona nzuri sana. Ili waya wa chuma wenye urefu wa milimita 648 utoe E ya uzi wa kwanza, yaani mitikisiko 330 hivi kwa sekunde, kila milimita ya mraba ya chuma hicho lazima ibebe takriban kilo 145. Waya wa nondo ni laini kwa makusudi, ili fundi ujenzi aupinde kwa koleo, na hukatika kwenye robo au theluthi ya mzigo huo. Na kuchukua waya mnene zaidi hakusaidii hata kidogo: unene ukiongezeka, nguvu ya waya inaongezeka, lakini mkazo unaohitajika kufikia sauti ileile unaongezeka kwa kiwango kilekile. Ni ubora wa chuma tu unaoamua. Waya wa breki umetengenezwa kwa chuma kigumu, kwa hiyo unaweza kukaribia. Waya halisi wa muziki hubeba zaidi ya kilo 200 kwa milimita ya mraba na bado una akiba. Mwenye gitaa la kopo aliyebaki na waya laini ana njia mbili tu, kulifupisha gitaa au kushusha sauti, na watoto wetu walikuwa wakifanya yote mawili bila hesabu.

Kwa gitaa la klasiki mbadala ni mzuri zaidi, na uko karibu. Nailoni ni nyepesi, kwa hiyo kufika kwenye E ileile kunahitaji kilo 21 tu hivi kwa kila milimita ya mraba, mzigo ambao mshipi wa kuvulia samaki wa nailoni unaubeba bila shida. Nyuzi tatu za juu za gitaa la klasiki zina unene wa takriban milimita 0.7, 0.8 na 1.0, na mshipi wa vipimo hivyo au vya karibu ni bidhaa ya kawaida kwa wavuvi wa Ziwa Nyasa, kule Mbamba Bay na Liuli. Chagua ulio laini na duara kamili, usio na mikunjo ya kukaa muda mrefu kwenye gurudumu lake. Nyuzi tatu za chini hazina mbadala wa namna hiyo, kwa sababu uzito wake hutokana na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa juu ya nyuzinyuzi za nailoni. Mshipi mnene kiasi cha kutoa sauti hiyo ungekuwa mgumu kama kijiti na usingelia. Basi mwenye gitaa la klasiki Songea anunue nyuzi za chini kwa uangalifu, na za juu zisimnyime usingizi.

Kwa gitaa la chuma nalo kuna siri ya namna hiyo, na ingejulikana zaidi watu wangeokoa pesa nyingi. Nyuzi mbili za kwanza za seti ya gitaa kavu ni waya mtupu wa chuma uliopakwa bati, na ni waya uleule uliomo kwenye seti za gitaa la umeme. Uzi wa 11 ni uzi wa 11. Kinachotofautisha seti hizo ni nyuzi za kuzungushiwa: kwenye gitaa kavu zimezungushiwa mchanganyiko wa shaba, kwenye la umeme nikeli, na uzi wa tatu wa umeme mara nyingi ni waya mtupu. Kwa kuwa uzi wa kwanza ndio unaokatika sana, nunua wa rejareja kutoka pakiti yoyote ile, mradi namba yake ni sahihi, na weka akiba ya nyuzi mbili au tatu kwenye mfuko wa gitaa. Ila usifunge seti nzima ya umeme ya 9 kwenye gitaa kavu kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani. Mkazo ni mdogo mno, nyuzi zinayumba na kugonga freti, na gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi.

Tukija kwenye madini yenyewe, uchaguzi wa kawaida ni kati ya aina mbili. Ya kwanza ni shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20, inayong'aa manjano, yenye sauti kali na ya wazi siku za mwanzo, ambayo hufifia haraka. Ya pili ni bronzi ya fosforasi, shaba asilimia 92 hivi na bati asilimia 8 pamoja na fosforasi kidogo, ambayo kampuni ya D'Addario iliiingiza kwenye nyuzi za gitaa mwaka 1974. Rangi yake inaelekea wekundu, sauti yake ni ya joto zaidi na inadumu kitambo. Kwa sikio langu, gitaa la plaiwudi lenye sauti kavu na nyembamba hupata mwili kwa bronzi ya fosforasi, na gitaa kubwa linalovuma vuma kwenye nyuzi za chini husafishwa na mchanganyiko wa zinki. Zote mbili, kwa sehemu kubwa, ni shaba. Shaba ya Zambia na Kongo hupita Makambako kila siku juu ya malori yanayotoka Tunduma kwenda bandari ya Dar es Salaam, katika barabara ileile ambayo mabasi yetu ya Songea huiingia, na nyuzi hurudi kwetu kutoka ng'ambo zikiwa katika pakiti.

Ukanda huo wa shaba ndio uliotupa namna ya kupiga ambayo bado naiona kipimo bora cha nyuzi. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta mpigaji gitaa Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, leo Likasi nchini Kongo, akamrekodi akipiga wimbo wake Masanga, na gitaa la Kiswahili likapata mwalimu. Bosco alipiga kwa vidole viwili, dole gumba likitembea kwenye nyuzi za chini na kidole cha shahada kikijibu juu. Mpigaji mwenzake Edouard Masengo aliupeleka mtindo huo wa jimbo la Katanga hadi Nairobi, na Kenya kulikuwa na George Mukabi na mkono wake mwenyewe. Upigaji wa namna hiyo hausamehe nyuzi mbaya. Uzi wa sita ukiwa mzito na mfu, unameza mstari wa kidole. Uzi wa kwanza ukiwa mwembamba kupita kiasi, mstari unakosa uzito wa kulijibu gumba. Seti ya 11 ya bronzi ya fosforasi ndiyo niliyoiona ikikaa katikati vizuri kuliko zote kwa mtindo huu, na ndiyo ninayompendekezea hata anayeimba akijisindikiza peke yake, kama anavyofanya mwanamuziki Vitali Maembe, kwa sababu inaiachia sauti ya mtu nafasi.

Kuna pia nyuzi zilizopakwa utando mwembamba wa plastiki kuzuia jasho na uchafu. Elixir, za kampuni ya W. L. Gore ya Marekani, ndizo zilizoufanya utando huo ujulikane katika miaka ya 1990. Zina bei kubwa kuliko za kawaida na hudumu kwa muda mrefu zaidi, mradi zisikatike. Kwa mtu aliye mbali na duka hesabu hiyo inaweza kulipa, hasa kama mikono yake hutoa jasho jingi. Lakini kwa gitaa la kwaya linalopigwa na watu wanne kwa zamu, kila mmoja na mkono wake, uzi wa kwanza utakatika siku yake bila kujali utando. Hapo bora seti mbili za kawaida.

Hewa ya Songea ni rafiki wa nyuzi kuliko ya pwani. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hakuna chumvi ya baharini hewani ile inayotafuna chuma kule Mtwara na Unguja. Adui wetu ni mabadiliko ya majira. Mvua huanza Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha Juni na Julai huja baridi kavu. Mbao za gitaa hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Wakati wa mvua hunywa unyevu, ubao wa mbele huvimba na nyuzi huinuka. Wakati wa baridi kavu hurudi chini na nyuzi huanza kugonga freti. Mtu asiyejua hulaumu nyuzi, akazifunga nene mwezi Julai ili zisigonge. Desemba ubao unapoinuka tena, gitaa linakuwa gumu kama geti, na mzigo ule wa ziada umeshapata mbao zilizolainishwa na unyevu. Katika mji wenye majira mawili makali kama huu, uzi mwepesi unampa fundi nafasi ya kurekebisha pande zote mbili. Jasho lifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Mafuta ya kula ambayo wengine hupaka yanaganda na kukusanya vumbi; yaachwe jikoni.

Gitaa liliingia kwenye ibada za huku kwa njia ndefu. Peramiho, jirani na Songea, ina Wabenediktini tangu 1898, na kwa miongo mingi swali la ala zipi zinafaa kanisani lilikuwa swali zito. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga alichapisha kitabu chake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, na Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya liturujia iliyofungua mlango kwa ala nyingine zaidi ya kinanda. Leo gitaa kavu la kwaya mara nyingi limefungwa kinasa sauti ili lipite kwenye spika, na hapo kuna kosa dogo linalojirudia. Kinasa cha sumaku, kile kinachobanwa kwenye tundu la gitaa, husikia tu madini yanayovutwa na sumaku, kama chuma na nikeli. Waya wa shaba unaozunguka uzi hakisikii. Kwa hiyo nyuzi tupu mbili za juu hupiga kelele na nne za chini hunong'ona. Kwa kinasa hicho, nyuzi za kuzungushiwa nikeli ndizo zenye uwiano. Kinasa kilichofichwa chini ya mfupa wa daraja hakijali madini, hufuata mtikisiko wenyewe.

Sasa chapa. Nyuzi za bandia zipo, na mashuhuri ndizo zinazoigwa zaidi. D'Addario huweka gololi za rangi mbalimbali mwishoni mwa nyuzi, lakini waigaji nao huzipaka rangi. Namwamini zaidi mtu mwenye kifaa cha kupimia. Karakana za mjini na mafundi waliopita VETA Songea wana vernia, na wengine wana maikromita. Uzi wa sita wa seti ya 12 usome milimita 1.35 hivi, wa tatu 0.61, wa kwanza 0.30. Nyuzi zisizojulikana lakini zenye vipimo vya kweli na duara safi ni bora kuliko jina kubwa lenye vipimo vya uongo, kwa sababu uzi usio na unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho hautyuniki: ukiwa sawa ukiwa wazi, unakuwa mbovu kwenye freti ya 7. Jaribio rahisi la nyumbani ni kulinganisha sauti ya uzi kwenye freti ya 12 na mlio mwembamba unaoupata kwa kuugusa tu hapohapo bila kuukandamiza. Zikipishana katika uzi mmoja pekee na nyingine zikiwa sawa, uzi huo ni mbovu. Zikipishana zote, tatizo ni daraja.

Na kabla ya kulaumu uzi unaokatika, tazama ulikokatikia. Ukikatika kila mara mahali pamoja juu ya mfupa wa daraja, kuna ncha kali hapo. Msasa laini unaimaliza. Ukikatikia karibu na kichwa, mfereji wa mfupa wa juu umebana, na unga wa penseli ukipakwa humo uzi utateleza. Funguo zizungushiwe mizunguko miwili au mitatu, isiyopandana.

Nyuzi mpya za chuma hutanuka kwa siku moja au mbili kabla ya kutulia, na kwaya nyingi huzifunga asubuhi ya sikukuu kisha zikatyuni katikati ya nyimbo. Kwa Wakatoliki kalenda yenyewe inatoa nafasi: baada ya Utukufu wa Alhamisi Kuu, kwa desturi ala hukaa kimya hadi Utukufu wa Mkesha wa Pasaka. Zifungwe Alhamisi usiku, zivutwe taratibu kwa vidole na kutyuniwa Ijumaa, zikaguliwe tena Jumamosi mchana. Kwa nailoni muda huo hautoshi, maana huchukua siku kadhaa kutulia. Hizo zifungwe Jumapili ya Matawi baada ya Misa.